Kipupwe kimeingia Dodoma: wavuvi wa ndoana, msikunje mishipi

Chubwi la Hombolo (mwanzisha uzi)

Mbukwenyi wakuu.

Upepo umeshaanza. Unavuma mchana kutwa, vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria, na usiku baridi inashuka hadi nyuzi 13 au 14. Kila mwaka hali ikifika hapa naona jambo lilelile. Wenzangu wa ndoana wanakunja mishipi, fimbo zinapanda darini, na ukimuuliza mtu anakujibu kuwa samaki wamelala, tuonane mvua za Desemba. Nusu mwaka mtu hagusi maji!

Mimi nasema kipupwe ndicho msimu wa mvuvi wa ndoana kanda hii ya kati. Nitaeleza kwa nini, halafu nataka kusikia nanyi mnaitumiaje miezi hii, uwe unakwenda bwawani au unabaki nyumbani na vifaa vyako.

Tuanze na samaki mwenyewe. Perege ni samaki wa joto. Maji yakiwa kati ya nyuzi 25 na 30 anakula vizuri. Yakishuka chini ya 20 anapunguza kula, na yakikaribia 16 anaacha. Sasa watu wanaichukua baridi ya alfajiri inayowauma masikio, wanadhani ndiyo iliyoko majini. Maji hupoa taratibu na hupata joto taratibu. Bwawa halifiki nyuzi 14 kwa kuwa usiku mmoja hewa imefika 14. Kinachobadilika ni mahali anapokaa samaki na saa anayokula. Maji ya kingoni, yale ya kina cha magoti, usiku hupoa upesi kuliko ya katikati, kwa hiyo alfajiri perege hayupo pale, amejivuta kwenye kina. Jua likishapiga, maji yaleyale ya kingoni ndiyo yanayowahi kupata joto, na kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi perege anarudi kutafuta chakula. Mtu anayefika saa kumi na mbili asubuhi kama anavyofanya Novemba, akaondoka saa nne mikono mitupu, lazima aseme samaki wamelala. Ameondoka wakati wenyewe wanaamka.

Maji nayo yamebadilika. Masika bwawa la Hombolo linapokea udongo wa mashamba yote ya juu yake, rangi inakuwa kama chai ya maziwa. Sasa tope linatulia. Perege anakiona chambo kwa mbali, ila na wewe anakuona. Ndiyo maana mshipi mnene uliovulia Machi hautakusaidia Julai. Chukua mwembamba, ndoana ndogo, kaa chini badala ya kusimama, na acha kuvaa shati jeupe.

Lakini linalonigusa kuliko yote ni uzazi. Perege huzaliana maji yakiwa na joto, na mvua zikiingia ndipo anazidi. Jike akishataga anayachukua mayai mdomoni, anayaatamia humohumo mpaka yaanguliwe, na vifaranga wakishaanza kuogelea bado wanakimbilia mdomoni mwake wakiona hatari. Ukimtoa huyo majini Januari umetoa na watoto wake wote. Kipupwe uzazi unapungua sana. Kwa hiyo anayelipenda bwawa lake angevua zaidi sasa na kupumzika mvua zikikolea. Sisi tumeupindua mwaka: tunapumzika wakati wa kuvua na tunavua wakati wa kuwaacha wazae.

Nawasilisha. Karibuni.

---

Mtumbwi wa Migoli

Salaam mkuu, na salaam kwa wote kutoka upande wa Iringa.

Mimi navua bwawa la Mtera kwa riziki, nyavu na ndoana vyote, na ninaunga mkono ulichosema kuhusu saa. Naongeza kwamba Mtera haifanani na Hombolo. Dodoma mjini mko juu zaidi ya mita 1,100. Huku bwawa likijaa kabisa linafika mita 698.5 kutoka usawa wa bahari. Huku kuna joto. Mwezi wa saba asubuhi tunavaa makoti, ndiyo, lakini mchana tunavua vifua wazi. Perege wetu hapungui kula kama wenu. Mtu wa Dodoma akitaka kuvua Julai bila kubahatisha, apande basi la Iringa ashuke huku. Lami ipo mpaka mlangoni.

Jambo la pili ni kimo cha maji. Bwawa hili hujazwa na Ruaha Mkuu, Ruaha Mdogo na Kisigo wakati wa masika, halafu mvua zikikata maji yanafunguliwa kidogokidogo kwa ajili ya umeme, kwanza mitambo ya hapahapa Mtera ya megawati 80, halafu yanateremka mpaka mitambo ya Kidatu. Kwa hiyo kipupwe bwawa bado limejaa na limeanza kushuka. Majani ya kingoni yaliyozama Aprili bado yamo majini na yanaoza, na perege anapenda sana pale. Oktoba na Novemba ukija utatembea kwenye tope lililopasuka mpaka uyakute maji, na samaki wamebanana katikati. Kwa mwenye mtumbwi Novemba ni sikukuu. Kwa mwenye fimbo asiye na mtumbwi, Juni na Julai ndio wakati wake, maji yako jirani na miguu.

Sasa nisikilizeni vizuri kuhusu upepo. Kipupwe Mtera asubuhi maji yametulia tuli, saa nne au saa tano upepo unaamka, na mawimbi yake si ya kuchezea. Bwawa ni pana, likijaa linapita kilomita za mraba 600, na ndani kuna visiki na miti mikavu iliyosimama tangu bonde lilipofurika. Mtumbwi ukisukumwa na wimbi ukapanda kisiki, umepinduka. Wageni wanaokodi mtumbwi wa mtu waende "katikati kidogo" saa sita mchana ndio wanaotutia hofu. Kama saa zako ni za mchana kama alivyosema mwanzisha uzi, vulia nchi kavu.

Na nchi kavu kuna mamba na kiboko. Usikae mahali palipo na njia ya kiboko, utaiona majani yamelala na kinyesi kimetapakaa. Usisimame majini. Ukimaliza kuvua usikae kuosha samaki palepale ulipokuwa umekaa kutwa. Uliza wenyeji kwanza, hakuna atakayekuficha.

---

Dereva wa Bajeti

Uzi mzuri sana huu. Sisi tulioko ofisini kipupwe kinatubana kwa sababu Bunge la bajeti haliishi mpaka mwisho wa Juni. Kwangu msimu unaanza Julai. Nimeipenda hiyo ya saa sita mchana maana Jumamosi asubuhi naweza kufanya shughuli za nyumbani kwanza halafu niende Hombolo. Kilomita kama 40 tu.

Swali: upepo wa Hombolo nao unakatisha uvuvi wa kingoni? Mshipi unapeperushwa, kiboya kinahama.

---

Chubwi la Hombolo

Mkuu Migoli, asante sana kwa hayo ya usalama. Naomba kila anayepita kwenye uzi huu asome aya zako mbili za mwisho kabla ya kusoma za kwangu.

Mkuu Dereva, upepo unasumbua, lakini usiukimbie wote. Jua linapasha maji ya juu, na upepo unayasukuma hayo maji ya juu kuelekea upande mmoja wa bwawa pamoja na wadudu, majani na kila kilichoelea. Ukingo unaopigwa na upepo ndio wenye maji ya joto na chakula. Watu wengi wanakwenda kukaa upande uliojikinga kwa kuwa ni raha kurusha, kumbe samaki wako upande wa pili. Mimi natafuta kona, mahali ukingo unapojipinda, nikae upepo ukinipiga ubavuni. Naongeza uzito wa chubwi, kile kizito cha kuzamisha mshipi, nakisogeza kiboya karibu na fimbo, na ncha ya fimbo naishusha mpaka iguse maji ili upepo usikamate mshipi. Ukikaa hivyo kiboya kinatulia.

---

Babu wa Mpunguzi

Wanangu, nimesoma. Mimi majini siendi tena kipupwe, kifua hakitaki upepo huu. Lakini vijana wananiletea vifaa vyao, na naona mengi ambayo hamuyasemi.

Adui wa mshipi wa nailoni ni jua. Mshipi uliokaa kwenye fimbo nje ya nyumba tangu Desemba umeshakufa ingawa unaonekana mzima. Ushike mita moja ya mwisho, ufunge fundo, uvute. Ukikatika kwa kishindo kidogo kama uzi wa kushonea, toa wote. Wengine ukiwaambia hivyo wananung'unika kuhusu bei. Samaki mmoja mkubwa akiondoka na ndoana mdomoni ni hasara yako na ni mateso yake. Ukinunua mpya, uviringe kwenye kijiti au kopo, uweke ndani ya kitambaa cheusi, ndani ya sanduku. Usiuweke jikoni karibu na moshi, usiuweke pamoja na mafuta ya taa.

Ndoana: zitoe zote, zimwage kwenye gazeti. Yenye kutu mpaka ndani, tupa kwenye kopo lenye mfuniko, usitupe uani kuna watoto na kuku. Yenye kutu ya juu, isugue kwa majivu na kitambaa. Halafu chukua tupa ndogo unoe ncha kwa kuivuta upande mmoja, usiende mbele na nyuma. Ijaribu kwenye ukucha wa dole gumba. Ikiteleza bado, ikikwama imekuwa kali. Ukimaliza ipake mafuta ya kupikia kidogo.

Viboya tulichonga kwa vipande vya kandambili zilizochakaa, na mpaka leo hakuna kinachovishinda. Kata kidogo, kisizidi ncha ya kidole cha mwisho. Perege wa kipupwe anachukua chambo kwa adabu, hakokoti. Kiboya kikubwa hakitakuambia kitu. Chubwi za risasi kama huna, nati ya baiskeli inatosha.

Mwanzi wa fimbo ukatwe sasa, mvua zikiwa zimeshakata. Ukaukie kivulini, umelazwa, ufungwe kamba kwenye mti ulionyooka ili usipinde. Ukiukausha juani unapasuka.

---

Dereva wa Bajeti

Shikamoo mzee. Jioni hii nimetoa mishipi yangu nikaivuta kama ulivyosema. Miwili imekatika. Ubarikiwe sana.

---

Babu wa Mpunguzi

Marahaba mwanangu.

---

Mama Zabibu

Hamjambo ndugu zangu. Mimi nina shamba la zabibu Hombolo, na wanangu wawili wanavua kwa ndoana wakitoka shule. Tatizo letu kipupwe ni chambo. Masika ukichimba popote nyungunyungu wapo, na kumbikumbi wanakuja wenyewe kwenye taa. Sasa hivi udongo wa Dodoma ni mgumu, unachimba mpaka jembe linalia hupati hata mmoja. Nyinyi mnatumia nini?

---

Kambale wa Bahi

Mama, shikamoo. Nyungunyungu hawajafa, wamefuata unyevu. Chimba chini ya migomba, penye bomba linalovuja, pembeni ya mfereji wa bustani za mchicha, au mahali maji ya kuogea yanapomwagika kila siku. Palepale utapata.

Ila sisi huku hatusubiri kutafuta. Masika ikielekea kuisha tunawahifadhi. Chukua ndoo iliyotoboka au beseni la zamani, toboa matundu madogo chini maji yasituame. Weka udongo mweusi, samadi ya ng'ombe iliyokaa muda mrefu, siyo mbichi, mbichi ina joto linawaua. Changanya na majani makavu. Weka nyungunyungu, funika kwa gunia lililoloweshwa, weka kivulini. Kila baada ya siku mbili tatu nyunyiza maji kwa mkono, udongo uwe na unyevu tu, ukiukamua usitoe maji. Walishe maganda ya ndizi na mabaki ya mboga, usiweke chumvi, ndimu wala pilipili. Watazaliana. Kipupwe chote una chambo, na majirani watakuja kununua.

Wanao wakitaka cha haraka, ugali mgumu wa dona uliokandwa na pumba kidogo mpaka uwe kama udongo wa kufinyangia. Perege anaupenda. Kwa kambale, utumbo wa kuku au ini lililoanza kunuka. Kambale anatafuta kwa sharubu na harufu, macho hayamsaidii sana.

Sasa kuhusu mada. Mimi nipo Bahi, na kipupwe chetu ni kingine kabisa. Maji yetu ya Sulunga ni ya msimu. Mto Bubu ukileta maji tunakuwa na ziwa, watu wanajaa, wanajenga vibanda, samaki anauzwa mpaka Dodoma. Mvua zikikata maji yanaanza kurudi nyuma, na kuna miaka yanakauka yote. Kwa hiyo sisi Juni tunavua mchana na usiku tukijua kwamba yale yatakayobaki kwenye vidimbwi yatakauka na samaki waliomo. Mkituambia tupunguze kuvua, tunawauliza, tumwachie nani? Jua?

Na wengi wetu ni wakulima wa mpunga. Kipupwe ni mavuno, kupura, kusafirisha. Asubuhi shambani, jioni ndoana. Kijana akikaa kijiweni mwezi wa sita Bahi ujue anaumwa.

---

Samaki ni Sayansi

Wakuu, nimesomea uvuvi, naomba niongeze na kurekebisha kidogo.

Mwanzisha uzi yuko sahihi kuhusu joto na saa. Kwenye uzazi naomba tusiseme kana kwamba kipupwe hakuna kabisa. Perege anaweza kutaga mara kadhaa kwa mwaka, na maji yakibaki juu ya nyuzi 22 hivi anaendelea. Mtera ambako kuna joto, hata Julai utakuta jike ana mayai. Uzuri wa ndoana ni kwamba samaki unamtoa hai. Ukimwona jike mdomo umejaa au anatema vifaranga, mrudishe pole pole, lowesha mikono yako kwanza ili usimbandue ute wake. Wavu hauna nafasi hiyo. Na wadogo pia warudisheni, atakuwa wa maana mwakani.

Kuhusu Bahi namwelewa sana ndugu yetu. Samaki wa vidimbwi vinavyokauka ni halali kuvunwa. Lakini kambale ana ogani ya kupumulia hewa juu ya mashavu yake, anaweza kukaa kwenye tope lenye maji kidogo sana kwa muda mrefu, na wanaosalia kwenye mashimo yenye kina ndio wanaoanza upya ziwa likijaa. Angalieni ni vidimbwi gani havikaukagi kabisa, hivyo viachieni kambale wakubwa. Hicho ndicho kitalu chenu, hakuna atakayekuleteeni kingine.

La mwisho, upepo. Kipindi cha joto maji ya bwawa hujigawa, ya juu yana joto na hewa, ya chini yamepoa na hewa ni kidogo. Kipupwe kikiingia, ya juu yanapoa, upepo unavuma, tabaka zote zinachanganyika. Siku za mwanzo za mchanganyiko huo maji ya chini yanapanda na samaki wanaweza kuhema juu au kuacha kula kabisa. Ukikuta hali hiyo, au maji yanatoa harufu ya yai bovu, rudi nyumbani, subiri siku chache. Baada ya hapo hewa inaenea mpaka chini na samaki wanaweza kukaa kina chochote. Ndiyo maana wavuvi wengine wanaanza kipupwe, siku mbili za mwanzo wanakosa, wanakata tamaa mpaka Desemba.

Na kabla ya yote pitieni kwa afisa uvuvi wa halmashauri kuhusu leseni, na kama bwawa limesimamishwa kuvuliwa kwa muda, lifuateni tangazo.

---

Chubwi la Hombolo

Asante mtaalamu. Hilo la kuchanganyika kwa maji linaeleza mambo mengi. Na marekebisho yako ya uzazi nayapokea kwa mikono miwili.

Ndugu wa Bahi, sina neno. Bwawa lenye maji mwaka mzima na ziwa la msimu haviwezi kuwa na kanuni moja.

---

Pilkki Tampere

Wakuu habari za huko nyumbani. Mimi ni mtoto wa Kongwa, sasa nipo Ufini kwa kazi. Mnaposema baridi ya nyuzi 13 natamani sana. Huku mji wa Tampere uko katikati ya maziwa mawili, Näsijärvi na Pyhäjärvi, na majira ya baridi yote yanaganda. Nilidhani wavuvi wanakaa ndani. Wanatoka zaidi!

Wanatembea juu ya ziwa. Wanatoboa tundu kwa keekee ndefu ya mkono, upana wa tundu kama sahani ndogo. Wanakaa kwenye kigoda ambacho pia ni begi la mgongoni. Fimbo yake ni fupi kama mkono mpaka kiwiko, mshipi mwembamba sana, wanaucheza juu na chini taratibu. Samaki wanayempata zaidi ni ahven, ana mistari ubavuni na mapezi mekundu. Tena kuvua kwa namna hii ni haki ya kila mtu sehemu nyingi za nchi, hakuna kibali cha kulipia.

Sababu ya samaki kuishi humo ni kwamba maji huwa mazito kuliko wakati wowote yakiwa nyuzi 4. Yanayopoa zaidi ya hapo yanabaki juu na kugeuka barafu, ya chini yanabaki nyuzi 4. Samaki wako hai, wanakula kidogo. Mwanzisha uzi amesema kweli tupu, hata huku hawajalala.

Usalama wao ni wa makini kupita kiasi. Barafu ngumu isiyopungua sentimita 10 ndipo wanatembea, na kila mtu anavaa shingoni vipini viwili vyenye ncha za chuma ili akitumbukia ajivute atoke. Hakuna anayeona haya kuvivaa. Nimesoma aliyoandika mkuu wa Migoli kuhusu upepo nikawaza, vijana wetu wangapi wanapanda mtumbwi Mtera na jaketi la kuokolea?

Wasiopenda barafu wanakaa nyumbani wanatengeneza chambo bandia. Ndiko alikotoka Lauri Rapala, mvuvi maskini wa hukuhuku aliyechonga samaki wake bandia wa kwanza mwaka 1936 kwa gome jepesi la koki na kumfunika kwa karatasi ya kung'aa ya chokoleti. Leo chambo chake kiko dunia nzima. Kilianzia mezani kwa mtu mwenye kisu.

---

Mtumbwi wa Migoli

Kaka Ufini, swali lako la majaketi limenichoma. Jibu ni wachache sana, na wengi wetu tunaogelea kwa kubahatisha. Hapa kwetu kuna waliopotea na upepo huu wa kipupwe, na familia zao zipo. Mimi nimeamua kwenye mtumbwi wangu hakuna anayepanda bila jaketi au angalau dumu tupu la lita 20 lililozibwa na kufungwa kamba pembeni yake. Dumu linaelea na mtu akilishika halizami.

---

Mama Zabibu

Ndugu wa Bahi, nimeshaanza ndoo yangu. Chini ya migomba ya jirani wamepatikana wengi, na watoto wamefurahi. Samadi ninayo ya mwaka jana.

Kwenu akina kaka naomba jambo moja. Mkija Hombolo na mishipi yenu, msiache vipande vya nailoni kingoni. Ndege wa majini wananaswa miguu, nimewafungua kwa mikono yangu. Na mbuzi wanameza.

---

Dereva wa Bajeti

Mama umesema vyema, tutabeba kila kitu.

Wakuu, nimejipanga Jumamosi ya kwanza ya Julai. Nyungunyungu ninao, mshipi mpya ninao. Kilichobaki ni ndoana. Dukani nimekuta namba nyingi mpaka kichwa kimeuma. Perege wa kipupwe nichukue namba ngapi, na kina nikiweke vipi? Na kambale kama nataka kujaribu jioni?

---

Chubwi la Hombolo

Mkuu, kumbuka kadiri namba inavyopanda ndoana inakuwa ndogo. Kwa perege wakati huu chukua 10, na 12 uwe nayo mfukoni wakiwa wagumu. Funika ndoana yote kwa kipande cha nyungunyungu, usiache mkia mrefu unaning'inia, atakula mkia akuachie ndoana. Chubwi ndogo kabisa, shubiri moja juu ya ndoana.

Kina anza na mita moja na nusu ukifika saa tano. Kila baada ya robo saa bila kuguswa, punguza kwa shubiri mbili, kwa kuwa wanapanda kuja kingoni jua linavyokolea. Ukishaguswa, hapohapo usibadilishe kitu. Tupa vipande vichache vya ugali wa pumba pale kwenye kiboya, vichache tu, ukiwashibisha wataondoka. Kuanzia saa kumi na nusu utaona wanapungua, usisubiri.

Kambale ni ndoana kubwa, namba 2 au 1/0 (yenye mkwaju na sifuri ni kubwa zaidi), mshipi mnene, chambo kikae chini kabisa bila kiboya. Anaanza giza likiingia, na kwa baridi hii saa mbili za kwanza za usiku ndizo za maana. Usimshike mkononi hovyo, mapezi ya kifuani yana miiba. Mshike kwa gunia nyuma ya kichwa. Vaa buti la mpira, maji ya kingoni yaliyotulia yana konokono wa kichocho.

---

Kambale wa Bahi

Kwa kambale, ini la ng'ombe lifunge kwa uzi wa kushonea kwenye ndoana, la sivyo linateleza kila ukirusha.

---

Dereva wa Bajeti

Nimeandika yote. Kuna kiti kimoja kwenye gari siku hiyo, tunaondoka saa nne asubuhi. Anayetaka aniandikie pembeni.

---

Samaki ni Sayansi

Nakuandikia sasa hivi mkuu. Nitabeba kipimajoto, tupime maji ya kingoni tukifika na tupime tena saa nane, tulete namba hapa.